Jina la Bibi Siwatu

2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Juzi ulinikatia simu, na usiseme ni mtandao, maana nilikusikia kabisa ukipumua kabla hujabonyeza. Basi nimeona nikuandikie. Karatasi haikatiki.

Sisi wazima. Mtoto ana siku sita na usoni ni Bibi mtupu: paji lile lile, na kununa kule kule kwa Bibi akiona mtu anakuja bila kubisha hodi. Ndiyo maana nilikupigia. Nataka nimpe jina la Bibi. Nataka aitwe Siwatu.

Kikwazo ni mama mkwe. Anasema hilo si jina, ni tusi lililovishwa hereni. "Si watu? Kina nani hao wasio watu?" Anaamini nimemlenga yeye, kwa sababu tuligombana juu ya meno yake ya bandia. Anayaloweka kwenye glasi ya kunywea maji, Shangazi, na glasi anairudisha kabatini bila kuisugua. Mimi kutwa nzima nipo kwa daktari wa meno nashikilia bomba la kunyonya mate. Nimeona mashimo yaliyohifadhi nyama ya juzi. Nikirudi nyumbani na kiu sitaki kukutana na meno mengine yananitazama kutoka kwenye glasi. Nilimwambia hivyo, labda kwa sauti kubwa kidogo, naye mpaka leo hajasahau.

Kadi ya mtoto bado imeandikwa "Mtoto wa kike", basi. Ofisi ya vizazi wamenipa hadi tarehe 15 Aprili. Mume wangu anasema, mwenye jina akijulikana alilipataje, mama yake atatulia. Kwa hiyo niambie: nani alimpa Bibi jina lile, na alimkusudia nani? Mama yangu yuko hapa ananisaidia. Nimemuuliza akiwa anakunja nepi, akasema, "Muulize shangazi yako." Nikamuuliza tena kesho yake. Jibu lilikuwa lile lile.

Tunakungoja tarehe 20 Aprili kama ulivyoahidi. Chumba nimeshakitandika. Kamba ya kuanikia pia nimefunga mpya, maana najua hutakubali ile ya zamani.

Kipipa wako


9 Machi

Kipipa,

Marahaba mwanangu. Ni kweli nilikata. Simu yenyewe ni ya jirani, ina mafuta ya nywele zake na mate yake kwenye vitundu vya kuongelea, na ulikuwa unaniuliza mambo marefu.

Nimefua mashuka ya nyumba za wageni miaka thelathini na nne. Anayetaka kuwajua binadamu asihangaike na vitabu, afungue shuka la mtu asubuhi. Nimekuta kucha zilizokatwa zikaachwa humo humo. Nimekuta kamasi zimefutwa kwenye foronya na leso ipo mezani, imekunjwa. Nimekuta shuka limefutiwa viatu na mtu aliyeshuka kwenye gari zuri, ananukia marashi, akanipita bila salamu. Mengine sisemi kwa kuwa unanyonyesha. Kwa hiyo nikikuambia kitu kinanuka, niamini. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Jina lile linanuka. Bibi yako alizikwa nalo, liache huko. Kwani majina yameisha? Mpe jina zuri, jepesi, ambalo mtu akiliita halimkwaruzi kooni. Huyo mama mkwe wako mwenye meno kwenye glasi ni mchafu, lakini kwa hili kasema kweli.

Tarehe 20 nitafika. Nepi usizichemshe na sabuni ya unga, zinakakamaa. Ziloweke tu, nitakuja kuzifua mwenyewe.

Shangazi yako


14 Machi

Kwako mzazi mwenzangu,

Salamu nyingi. Hatujaonana tangu harusi ya watoto wetu, ambapo nakumbuka ulikagua kitambaa cha meza yangu kwa kukinusa. Sikusema kitu siku ile na leo pia sisemi.

Nakuandikia kwa sababu ya jina la mjukuu wetu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkunga kwa miaka ishirini na saba, na kadi za watoto nilikuwa naandika mimi. Nimeandika Mashaka, nimeandika Tabu, nimeandika Sikudhani na Havijawa. Kila nilipoandika jina la aina hiyo niliinua macho nikatazama mlangoni, na kila mara alikuwepo mtu amesimama, amenuna, anajua kabisa ni yeye. Jina la namna hiyo ni jiwe, na mtoto anafanywa manati. Aliyelirusha anakaa pembeni anakunywa chai, mtoto ndiye anayevutwa mpira kila siku ya Mungu.

Sasa mkwe wangu ananitaka nikae nyumbani kwa mwanangu, nisikie "Siwatu, njoo, Siwatu, kaa, Siwatu, usiguse", huku majirani wanahesabu ni kina nani wasio watu humu ndani. Tupo watatu tu. Hawatahangaika kuhesabu. Kuhusu meno, ile glasi ni yangu, nilikuja nayo.

Lakini mimi si mtu wa kufunga mlango. Mficha uchi hazai, na sisi wakunga tunalijua hilo kuliko wote. Wewe ni binti wa huyo marehemu. Mweleze mtoto wa kaka yako, bila kupunguza, jina la mama yako lilitoka wapi na lilimpiga nani. Nikiridhika kwamba ni habari ya watu waliokwisha kuoza, nitaliandika kwa mkono wangu.

Ni mimi, mama mkwe wa binti yenu


19 Machi

Kipipa,

Mama mkwe wako ameniandikia. Mwandiko wa watu wa hospitali, nimehangaika nao mpaka macho yakatoa machozi. Nakuambia ili mniache.

Bibi yangu mimi, yaani mama yake Bibi yako, alikuwa mpishi na mfuaji kwenye nyumba ya wakubwa. Nyumba ya sakafu ya kung'aa, unajiona uso ukiinama. Mimba ilipofika mwezi wa tisa alikuwa bado anabeba ndoo. Siku hiyo, saa nne asubuhi, uchungu ukamshika akiwa jikoni. Akaomba alale japo kwenye mkeka wa stoo. Bibi mwenye nyumba akasema, "Usinichafulie." Wakamtoa nje, kwenye banda la kuni, na huko akazaa peke yake. Kuku wakaingia, wakawa wanadonoa kilichomwagika.

Alipotoka na mtoto kwenye khanga, bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, pua ameibana. Akamwonyesha damu iliyodondoka kwenye ngazi alipokuwa anatolewa. Akamwekea ndoo na brashi.

Alisugua. Mtoto mgongoni, hata saa mbili hajamaliza duniani. Kisha akaulizwa ataitwa nani, akasema: Siwatu.

Wale wakubwa hawakushtuka. Kwa miaka kumi na moja walimwita mtoto yule kutwa. "Siwatu, lete maji. Siwatu, funga mlango." Bibi yangu alikuwa jikoni anawasikia wanajitukana kwa midomo yao wenyewe, na alisema ndicho kitu pekee kilichomwezesha kula chakula cha nyumba ile.

Nikikumbuka habari hii natamani kutema mate. Mtu anaona mwanamke anazaa, yeye anaona sakafu. Hao si watu kweli, na wala si wanyama, maana hata mbwa hamfukuzi mwenzake akizaa. Sasa umejua. Mpelekee mama mkwe wako, kisha umpe mtoto jina lingine.

Shangazi yako


26 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea mama mkwe sebuleni. Alilia, akavua meno, akayafuta, akayarudisha. Akasema jina hilo ni la heshima, na kwamba anajionea haya. Tangu siku hiyo glasi imehamia chumbani kwake. Kwa hiyo ningepaswa kukuandikia kwa furaha.

Ila ofisi ya vizazi walitaka na kadi yangu mimi ya kliniki, ya nilipozaliwa, maana cheti changu kimeliwa na panya. Mama alikuwa nayo kwenye bahasha ndani ya sanduku lake. Alinipa, akaenda kuanika.

Kwenye kadi yangu, penye jina la mtoto, karani ameandika Siwatu. Ni Siwatu kabisa, kwa wino wa buluu, herufi za kulala. Halafu limepigwa mistari mitatu kwa wino mweusi, na juu yake limeandikwa jina langu hili ninaloitwa.

Mama mkwe aliitazama kwa miwani. Alisema mkunga akifuta jina huweka sahihi pembeni na tarehe, na hapa hakuna sahihi ya mtu. "Hili," akasema, "limefutwa na mkono wa nyumbani."

Mimi mkono huo naujua. Nina barua zako mbili hapa mezani. Hakuna mwingine anayemalizia herufi zake kwa mkia unaopinda kama ndoano ya kuning'inizia nguo. Nimeweka kadi katikati ya barua zako na hakuna haja hata ya kulinganisha.

Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini Bibi, mpaka anafariki nikiwa na miaka sita, aliniita "wajina". Nilidhani ni mapenzi tu ya bibi na mjukuu.

Wale wakubwa wa sakafu ya kung'aa walikuwa wameshakufa zamani nilipozaliwa. Basi Bibi alinipa mimi jina hilo kumwambia nani? Nimemuuliza mama. Akasema, "Muulize mwenye mwandiko."

Kipipa


2 Aprili

Shangazi,

Wiki imepita. Posta wanasema barua yangu uliipokea na ukatia sahihi. Zimebaki siku kumi na tatu. Usiponijibu nitamwandikisha mtoto Siwatu, na sababu nitaijaza mwenyewe.

Kipipa


6 Aprili

Kipipa,

Nimeanza barua hii mara nne. Kwenye ya kwanza niliandika kwamba nilikuwa mdogo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Baba yako alipomleta mama yako nyumbani, mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa na kazi yetu ya udobi uani na tulijiona wasafi kuliko dunia nzima. Babu yako mzaa mama kazi yake ilikuwa kuzibua na kuzoa vyoo vya watu. Kazi halali. Bila yeye mtaa mzima ungezama. Lakini sisi tulisema msichana ananuka. Hakuwa ananuka, Kipipa. Pua yangu ndiyo riziki yangu, najua. Tulimtengea sahani na kikombe. Nguo zake tulizifua mwisho, kwa maji yaliyobaki. Jina lake hatukulitamka hata siku moja; tulisema "huyo". Huyo amekula? Mwambie huyo apishe. Baba yako alikuwa dereva wa malori, anakaa nyumbani siku mbili kwa mwezi, na akiwepo tulimwita "wifi".

Siku uliyozaliwa mvua ilikuwa inanyesha, mchana. Tulikuwa na mashuka arobaini ya nyumba ya wageni, safi, yanangoja pasi, na kwa sababu ya mvua tulikuwa tumeyatandaza kila mahali: vitandani, kwenye viti, juu ya mikeka. Mama yako akatoka chumbani ameshika ukuta. Akasema chupa ya uzazi imepasuka, akaomba alale. Niliangalia mashuka. Nakuapia, kwanza niliangalia mashuka. Nikamwambia, "Usinichafulie. Nenda bafuni."

Bafu lenyewe ndimo tulimokuwa tunachemshia nguo. Alikuzaa kwenye saruji, karibu na tundu la maji machafu, povu la sabuni na nywele za wageni zikipita chini yake. Dada yangu ndiye aliyekukata kitovu, mimi sikutaka kushika. Kisha nikaona damu kwenye korido. Nikaenda nikachukua ndoo na brashi, nikamwekea.

Hadithi ya banda la kuni niliijua tangu sijaota meno. Nilikuwa nimewatukana wale watu maisha yangu yote. Na maneno yaliyonitoka yalikuwa yale yale ya bibi mwenye nyumba. Nyani haoni kundule.

Bibi yako alirudi akamkuta mama yako amepiga magoti anasugua, wewe umefungwa kwenye taulo la dobi. Hakupiga kelele. Ningefurahi angenipiga. Alikuchukua, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu ni Siwatu." Tangu siku hiyo akawa anakuita. Unalala, anakuita. Unanyonya, anakuita, na macho yake yapo kwangu. Nilivumilia siku arobaini. Siku ya chanjo nikajitolea kukupeleka kliniki. Nilimwambia karani jina limekosewa. Alikuwa na foleni ndefu, akanisukumia kalamu, akasema rekebisha mwenyewe. Nikafuta. Sikuwa nimefikiria jina lolote. Kwenye kikapu kulikuwa na sabuni ya kuogea, ya karatasi ya waridi. Jina lako, Kipipa, nimelitoa kwenye maandishi ya karatasi hiyo.

Bibi yako hakulitamka jina hilo la sabuni, na hakunisema kwa yeyote. Lakini mpaka anakufa hakuniruhusu nimfulie hata leso. Mimi, dobi wa mtaa mzima, mama yangu anafua nguo zake mwenyewe mbele ya macho yangu.

Nimewachukia wageni wenye kucha na kamasi zao miaka yote hii kwa sababu uchafu wao unatoka. Mimi wangu sijapata maji ya kuutoa. Nikijitazama najionea kinyaa, na hili si neno la kuombea huruma.

Usimpe mtoto jina lile. Nikija tarehe 20 nikasikia linaitwa ndani ya nyumba yako, sitaweza kukaa hata siku moja. Nataka kumfulia huyo mtoto nepi. Sina kitu kingine ninachojua kufanya.

Shangazi yako


13 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hiyo nakupa kwa sababu nimelelewa.

Barua yako niliisoma peke yangu, halafu nikamsomea mama. Alisikiliza yote. Tulipofika penye brashi akasema, "Hajasema kwamba alinirudisha kusugua mara ya pili, kwa sababu pembeni hapakutakata." Akaendelea kukunja nepi. Mimi nilishindwa kuendelea kusoma, yeye ndiye aliyeniambia nimalize.

Nimekuwa sabuni kwa miaka ishirini na tisa na sikujua. Mume wangu alitaka kucheka, akaniona uso, akatoka nje.

Mama mkwe sasa ndiye mwenye ari. Anasema mwite Siwatu leo hii, shangazi yako akija tutamwita mtoto asubuhi mpaka jioni, na ameahidi kuita yeye mwenyewe, akiwa na meno na akiwa hana. Nilikaribia kukubali. Nilikuwa nimeshashika kalamu pale ofisini. Nilitamani mno kukuona umekaa kwangu, mbele ya kamba mpya, unaitiwa jina hilo masikioni.

Sikuliandika. Nampenda Bibi, lakini alikosea. Alikuambia wewe kwa kuniita mimi. Angesimama koridoni akakuambia usoni mbele ya mama yangu, mama angejua kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja upande wake. Hakujua. Alidhani Bibi alimkasirikia yeye, kwa kuzaa bafuni. Kwa miaka ishirini na tisa amelibeba jina lile moyoni akidhani asiye mtu ni yeye. Ndiyo maana hakuweza kunijibu nilipomuuliza.

Mwanangu hatatumwa kupeleka maneno ambayo watu wazima wanaogopa kuambiana. Maneno nakupa mwenyewe, kwa mwandiko wangu: siku ile hukuwa mtu. Nakuonea kinyaa. Sijui kitaisha lini, na sitajifanya kimeisha kwa sababu wewe ni mzee na umeandika vizuri.

Mtoto nimempa jina la mama yangu. Mama aliishika kadi akaisoma kwa muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika.

Tarehe 20 usije. Nepi tunafua wenyewe, na kweli zimekakamaa. Ukitaka kumwona mtoto, mwandikie mama, usiniandikie mimi. Usimwandikie "wifi", wala "mama Kipipa". Barua ianze kwa jina lake, na kama hulijui vizuri, nenda ukaliulize kwa watu wa kwao, kule kwa mzoa vyoo. Mama amesema barua iliyoanza hivyo ataifungua. Hajasema kwamba atajibu.

Kipipa